'Anon' maana yake nini hasa? Sio 'asiyejulikana', na zamani halikuwa 'baadaye'

Mpwa wangu anaomba kwenda kusoma masters nje, sasa juzi kati akapata imeili kutoka kwa mhadhiri mmoja mzee wa Kiingereza, imeili fupi tu, anamshukuru kwa andiko lake alafu anamalizia "I shall write to you anon". Binti akapiga skrinshoti akaitupa kwenye grupu la familia, jamani hii ndio nini? Grupu likawaka. Mjomba mmoja akasema huyo mtu anataka kuandika bila kutaja jina lake kwa hiyo binti awe macho asije akatapeliwa. Mwingine akasema ni makosa tu ya kuchapa, kidole kimeteleza. Shemeji yangu, ambaye anasoma Biblia ya Kiingereza ile ya zamani kila siku asubuhi, akasema hapana, neno hilo maana yake ni mara moja, kaa na simu mkononi jibu linaingia sahivi.

Nikaona niliandike hili vizuri, kwa sababu katika wote hao shemeji ndiye aliyekuwa karibu kabisa na asili ya neno, na bado angembakisha binti macho usiku kucha anasubiri jibu ambalo halikuahidiwa usiku huo.

Tuanze na maana ya leo. 'Anon' ni neno linalojibu swali la "lini?", na kwa Kiingereza cha leo linamaanisha baadaye kidogo, hivi karibuni, muda si mrefu. Linatamkwa a-non, uzito uko kwenye ile 'non' ya mwisho. Ni neno la kizamani, Mwingereza wa kawaida halitumii akiwa anaagiza chai, analitumia mtu anayependa lugha ya vitabu au anayetaka kuipamba barua yake kidogo. Ni kama mtu akuandikie WhatsApp "nitakujia punde si punde". Utamwelewa, ila utajua huyu kakulia kwenye vitabu.

Sasa hili la 'asiyejulikana'. Kosa hili linaeleweka kabisa maana maneno mawili yanaandikwa sawasawa. Chini ya mashairi ya zamani yasiyojulikana nani kayatunga utakuta wameandika 'Anon.' na nukta mwishoni, na kule mitandaoni mtu asiyeweka jina lake anaitwa 'anon' pia. Hilo ni ufupisho wa 'anonymous', neno lenye asili ya Kigiriki, vipande viwili, kimoja maana yake 'bila' na kingine 'jina'. Kwa hiyo bila jina. Hili letu la wakati halina Ugiriki wowote ndani yake, ni la Kiingereza chenyewe tangu enzi na enzi. Yamekutana kwenye tahajia tu, kama kwetu kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako. Hakuna anayesema kaa wa baharini kaitwa hivyo kwa sababu anakaa. Ukitaka kutofautisha angalia kazi ya neno kwenye sentensi, kama limesimama mahali pa mtu basi ni la jina, kama linakwambia lini basi ni la wakati.

Haya, asili yake, na hapa ndipo napapenda mimi. Kiingereza cha Kale, kile cha kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na maneno mawili 'on ān'. Hiyo 'on' ya wakati ule ilibeba kazi za 'katika', 'ndani ya', 'juu ya' zote pamoja, na 'ān' ni moja. Moja ya kuhesabu, moja mbili tatu. Kwa hiyo 'on ān' ukiitafsiri kipande kwa kipande unapata 'katika moja'. Watu walikuwa wanaitumia kwa maana kama tatu zinazopakana, kitu kuwa pamoja, kitu kwenda mfululizo bila kukatika, na kitu kufanyika papo hapo. Inakuwaje 'katika moja' iwe 'papo hapo'? Fikiria mtu ana kiu anapewa kikombe cha maji, anayanywa kwa mkupuo mmoja, hapumziki katikati, hakuna nafasi ya kitu kingine kuingia. Kitendo kikiwa kimoja kisichokatwa maana yake hakuna kusubiri.

Na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu hapo. Sisi tunasema mara moja! "Njoo mara moja." Moja ileile, na maana ileile ya bila kuchelewa. Na pamoja ni nini kama sio pa-moja, mahali pamoja? Yaani Waingereza wa kale kule kwenye baridi na Waswahili huku kwenye minazi, bila kuambizana, walichukua namba moja wakatengenezea neno la 'bila kuchelewa' na wakatengenezea pia neno la 'kuwa pamoja'. Wajerumani nao wana 'auf einmal' ambayo ndani yake kuna moja, na inatumika kwa kitu kinachotokea ghafla au vitu vinavyotokea kwa pamoja. Hata Kiingereza chenyewe kiliporudi kutafuta neno jipya la mara moja kikapata 'at once', na ukiichimba hiyo 'once' unakuta 'one' imelala humo.

Hiyo 'ān' ilizaa watoto wengi sana. Ndiyo iliyokuja kuwa 'one', ndiyo iliyokuja kuwa 'an' na 'a' tulizokaririshwa shuleni, ndiyo iliyo ndani ya 'alone' ambayo ni 'all one', yaani mmoja kabisa, peke yake, na ndani ya 'only', na kuna 'atone' ya kulipia dhambi ambayo ukiikata vizuri ni 'at one', yaani kuwa kitu kimoja tena na yule uliyemkosea. Ukishaijua hii familia 'anon' haikutishi tena, ni ndugu mmojawapo tu aliyehamia mbali.

Baada ya ujio wa Wanormani Kiingereza kilibadilika sana, maneno mawili yakaungana likawa moja, watu wakaliandika kila mtu anavyosikia, 'anon', 'anoon', 'anan'. Geoffrey Chaucer, yule mshairi aliyefariki mwaka 1400, analitumia mara nyingi mno, na kwake kwa kawaida bado ni lile lenye nguvu, mtu akiambiwa kitu anafanya 'anon', yaani hapo hapo. Na kulikuwa na 'anon right' kwa mtu anayetaka kukazia zaidi, kama sisi tunavyosema sasa hivi hivi. Ukiona watu wameanza kukazia neno ambalo tayari lilikuwa kali, ujue limeanza kulegea.

Limelegeaje? Hapa naomba tuingie baa kidogo. Shakespeare, aliyeishi kati ya mwaka 1564 na 1616, ana tamthilia ya Henry wa Nne, sehemu ya kwanza, na ndani yake kuna kijana anaitwa Francis, anafanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye baa moja ya London mtaa wa Eastcheap. Mwana wa mfalme anapanga kumchezea. Anamwambia rafiki yake Poins aende chumba cha pili awe anamwita Francis bila kuacha, na yeye mwenyewe anamshika Francis kwa maongezi. Francis! anaita Poins. "Anon, anon, sir!" anajibu Francis, lakini hatoki maana hawezi kumwacha mwana wa mfalme anaongea. Francis! "Anon, sir!" Bado yupo palepale. Kila akiitwa anajibu anon, na kila akijibu anon anazidi kuchelewa.

Alafu Shakespeare anafanya kitu kizuri sana. Mwana wa mfalme anamwambia Francis nitakupa pauni elfu moja kwa kale kasukari ulikonipa, niombe muda wowote utakao utazipata. Wakati huohuo Poins anaita tena, na Francis anamjibu Poins, "Anon, anon". Mwana wa mfalme anaidaka kama vile ndio jibu la swali lake, aah unazitaka anon? Hapana Francis, labda kesho, au Alhamisi, au siku yoyote utakayo. Umeiona? Neno moja, kwa mteja wa chumba cha pili linamaanisha "nakuja!", kwa mwana wa mfalme linamaanisha "hivi karibuni", na kwa sisi tunaotazama tunaona kabisa kuwa haji. Mwishoni wote wawili wanamwita kwa pamoja na kijana anabaki kasimama katikati hajui aende wapi. Mimi sijaona maelezo ya kitaalamu yanayoonyesha namna neno linavyobadilika maana kama hiyo dakika moja ya tamthilia.

Juliet naye, kwenye tamthilia nyingine ya Shakespeare, Romeo na Juliet, yuko kwenye kile kibaraza chake usiku, mlezi wake anamwita kutoka ndani, anajibu "Anon, good nurse!" na hapohapo anamgeukia Romeo anamwambia ngoja kidogo narudi. Akirudi wanaendelea, mlezi anaita tena, anajibu tena anakuja. Kila mtu aliyewahi kuitwa na mama yake wakati kuna mtu muhimu kwenye simu anaijua hiyo "nakuja mama".

Kwa hiyo jibu la limelegeaje ni hilo. Hakuna kikao kilichokaa kubadilisha maana. Neno lilikaa midomoni mwa watu wanaoitwa, wahudumu, watumishi, watoto, na mtu anayeitwa hujibu kwa neno la haraka kuliko miguu yake. Anasema mara moja, anatokea baada ya dakika kumi. Anayesikia ana akili, anajifunza, akisikia hilo neno tena anahesabu dakika kumi kabisa kichwani. Kizazi kinachofuata kinakua kinasikia neno na kinaona dakika kumi, basi kwao hiyo ndiyo maana. Ni kama noti. Imeandikwa vilevile shilingi elfu moja, karatasi ileile, lakini ulichokuwa unanunua nayo miaka ya nyuma hukipati leo.

Na lile "anon!" la kuitikia likaenda hata mbali zaidi. Kwenye baadhi ya lahaja za Kiingereza likawa 'anan', na likaacha kabisa habari za wakati, likawa kama "eti?", "umesemaje?", yaani hujasikia unaomba urudiwe. Mtu akilisoma kwenye kamusi anashangaa mara moja limekuwaje umesemaje. Ila sisi si tunayo? Ukiitwa unaitika naam, au abee kwa wanawake, na mtu akikuambia kitu hukukisikia vizuri unasema tena naam? abee? kwa sauti ya kupanda. Kuitika na kuomba urudiwe ni mlango mmoja.

Sasa turudi kwa shemeji na Biblia yake, kwa sababu hakuwa anabahatisha. Biblia ya Kiingereza ya King James ilitoka mwaka 1611, Shakespeare bado yuko hai, lakini watafsiri wake walipenda lugha iliyotulia, ya zamani kidogo kuliko ile ya baa. Humo 'anon' imetokea mara mbili tu. Moja ni Marko 1:30, mkwewe Simoni anaumwa homa, "anon" wakamwambia Yesu habari zake. Nyingine ni Mathayo 13:20, yule aliyepandwa penye miamba anayelisikia neno na "anon" akalipokea kwa furaha. Ukifungua Biblia yetu ya Union sehemu zote mbili utakuta wameweka mara. Na mara wakamwambia habari zake. Akalipokea mara kwa furaha. Yaani papo hapo, bila kungoja. Hiyo ndiyo 'anon' aliyoizoea shemeji, na kwa kitabu hicho yuko sahihi kabisa.

Na mstari unaofuata hapo hapo kwa Mathayo, wa 21, kuna neno jingine lililopata ajali ileile, 'by and by'. Leo hiyo ni baadaye baadaye huko, tena ya polepole. Wakati ule ilikuwa mara moja. Angalia inavyoweza kumpotosha msomaji kwenye Marko 6:25, binti wa Herodia anaingia mbio kwa mfalme anasema nipe 'by and by' kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye kombe. Mtu wa leo akisoma hivyo atadhani binti anasema ukipata nafasi. Wakati habari nzima inasimama kwenye ile haraka, kaingia kwa haraka, anataka kabla mfalme hajabadili mawazo! Union wameandika "nataka unipe sasa hivi", na ndivyo inavyotakiwa.

Kabla hujasema basi Kiingereza ndio lugha ya ajabu, tazama wengine waliopita njia hiyo. 'Soon', ambalo leo ni hivi karibuni, kwenye Kiingereza cha Kale lilikuwa 'sōna', na maana yake ilikuwa hapo hapo. 'Presently' lilianza kama sasa hivi likawa baada ya muda mfupi, ingawa Wamarekani na Waskoti wengi wanalitumia bado kwa maana ya kwa sasa. 'Directly' ni moja kwa moja, lakini nenda Cornwall kule kusini magharibi mwa Uingereza, wao wanasema 'dreckly', na mtu akikuambia atakuja dreckly pika ule ulale. Afrika Kusini 'just now' sio sasa, ni baadaye isiyo na saa maalumu, ukitaka ya karibu zaidi wanasema 'now now'. Kila mahali watu wameanza na sasa wakaishia baadaye, na mimi sijaona neno lililotoka baadaye likarudi kuwa sasa.

Ndio maana kila baada ya muda Kiingereza kinalazimika kutafuta neno jipya kabisa lisilochakaa. 'Anon' likalegea, 'presently' likalegea, ikabidi waegemee 'immediately', lenye mizizi ya Kilatini, maana yake hakuna kitu katikati, alafu 'at once', alafu 'right away', na leo maofisini wanaandika ASAP kwa herufi kubwa, yaani 'as soon as possible', haraka iwezekanavyo, na tayari kuna watu wakiona ASAP wanaiweka ya kesho.

Na sasa hivi yetu je? Nimpigie fundi, uko wapi fundi, nakuja sahivi. Bodaboda, nimefika sahivi. Sasa hivi ileile iliyobeba haraka yote ya binti wa Herodia, mwaka huu kwenye simu ya fundi ni saa mbili au tatu. Silalamiki, nasema tu tunaishuhudia safari ya 'anon' kwa macho yetu, na sisi tumeshaanza kukazia, sasa hivi hivi, sahivi sahivi, kama Chaucer na anon right yake.

Kuna jingine linaloonyesha neno la wakati linaweza kugeuka upande kabisa, kitambo. Yohana 16:16 ya Union, "bado kitambo kidogo nanyi hamnioni". Muda mfupi. Leo kijana wa Nairobi au wa Dar akikuambia hiyo ni ya kitambo anamaanisha ni ya zamani sana. Mtoto wa leo akiusoma mstari huo atahitaji kuelezwa, kama mpwa wangu alivyohitaji kuelezwa 'anon'.

Kwa hiyo ukilikuta neno hili uliza kwanza liliandikwa lini. Kama ni maandishi ya enzi za Chaucer au ni Biblia ya 1611 soma mara moja. Kama ni Shakespeare simama kidogo uangalie nani anaongea, maana kwake linaweza kuwa nakuja, linaweza kuwa punde, na kwa Francis ni yote. Kama ni mtu aliye hai amekuandikia mwaka huu, soma baadaye kidogo, na kidogo hiyo yeye ndiye anajua urefu wake. Na ukikuta limeongozana na 'ever', yaani 'ever and anon', hapo ni mara kwa mara, kila baada ya kitambo, na hiyo kitambo naitumia kwa maana ya Yohana.

Binti nilimwambia aendelee na shughuli zake, aangalie imeili mara moja asubuhi na mara moja jioni inatosha. Jibu liliingia siku ya nne, refu, kurasa mbili, na chini kabisa mzee kaweka jina lake kamili.